Jaribio Lililomwogopa Asnath

Siku ya Jumanne, saa nne na robo asubuhi, katika maabara ya kompyuta ya shule moja ya bweni ya wasichana nje kidogo ya Itigi, jaribio la Mwalimu Calist lilifeli kwa mara ya kumi na moja. Wasichana ishirini na tisa wa Kidato cha Tano wakageuza shingo kwa pamoja kumtazama wa thelathini.

Wa thelathini alikuwa Asnath. Alikuwa mstari wa nyuma, mikono juu ya meza, uso umetulia kama wa mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

"Sijagusa kitu," alisema.

"Hakuna aliyesema umegusa," alijibu Mwalimu Calist.

"Lakini mmenitazama."

"Tumekutazama kwa sababu tuna macho. Simama."

Asnath akasimama. Ni haki kusema kwamba macho yale yalikuwa na sababu. Muhula uliopita aliingia maabara mapema, akabadilisha nyaya za kibodi zote, hata kila msichana akawa anaandika kwenye skrini ya jirani yake. Kwa dakika ishirini darasa zima liliamini kuna jini. Hanifa, monita wa maabara, alisoma dua. Pendo alilia, akaungama mbele ya watu kwamba ndiye aliyeiba ndala za matroni. Tangu siku hiyo, kitu chochote kikiharibika shuleni, pampu ya maji ikiwemo, uchunguzi ulianzia kwenye kitanda cha Asnath.

Lakini safari hii kilichoharibika hakikuwa pampu. Kilikuwa jambo la kimataifa.

Kila kompyuta ina kiini cha mfumo, yaani ile programu ya ndani kabisa ambayo hakuna anayeiona, lakini ndiyo inayoamua nani atumie mashine, kwa muda gani, na nani akae pembeni asubiri. Kwa mtu aliyesoma bweni si jambo gumu kulielewa: kiini ni Mkuu wa Shule, matroni na mlinzi wa geti ndani ya mwili mmoja. Sehemu yake ya mtandao ndiyo geti lenyewe. Inapokea vifurushi vya habari, inakagua vimetoka wapi, inavipeleka kwa mwenyewe. Sasa, mtandao wa simu upande ule una tabia ya kuondoka bila kuaga na kurudi bila kusalimia, na Mwalimu Calist aligundua kwamba ukirudi, geti huendelea kwa dakika nzima kuwangojea wageni walioondoka zamani. Akaandika mistari arobaini na mmoja ya kulirekebisha. Kwa kuwa kiini hicho ni cha bure na hutengenezwa na watu wa dunia nzima kwa kujadiliana, akaituma.

Pamoja na marekebisho alituma jaribio: programu ndogo inayotuma kifurushi upande mmoja na kukipokea upande wa pili, mara ishirini, kisha inaandika LIMEPITA au LIMEFELI.

Mama mmoja wa ng'ambo anayesimamia sehemu ya mtandao, ambaye kwa ukali wa maandishi yake wasichana waliamini ni ndugu wa damu wa Mkuu wao wa Shule, alijibu kwa mistari minne. Marekebisho ni mazuri. Jaribio mara linapita, mara linafeli. Jaribio la namna hiyo ni baya kuliko kukosa jaribio. Lirekebishe kabla ya Jumamosi, ama usubiri toleo lijalo.

Mwalimu Calist alikuwa mtu mwembamba, mpole, wa miaka ishirini na tisa, mwenye mashati mawili. Kwa juma zima alikuwa hajachana nywele.

"Nikiwa peke yangu hapa linapita," alisema, akihesabu kwa vidole. "Kidato cha Tatu wakiwepo, linapita. Kidato cha Sita, linapita. Ninyi mkiingia, linafeli. Nikajiuliza, kwenu kuna nini ambacho wengine hawana?"

"Akili, Mwalimu," alisema Asnath.

Darasa likacheka. Hanifa, bila kucheka, akaandika jina la Asnath kwenye daftari la wapiga kelele.

"Lakini Mwalimu, hata kule ng'ambo limefeli. Na mimi ng'ambo sijafika. Mwisho wangu ni Singida mjini, tena kwa ajili ya jino."

Mwalimu akasita. Kwa bahati mbaya, wakati huohuo mlangoni alikuwa amesimama Madam Yasinta, Mkuu wa Shule, mwanamke mpana mwenye sauti ya kujaza uwanja wa mpira bila kipaza sauti. Darasa zima likaruka wima. "Shikamoo Madam!"

"Marahaba. Kaeni. Asnath, wewe baki hivyohivyo." Akamtazama tangu kiatu hadi kichwa. "Ng'ambo nako wana wasichana. Kila nchi ina Asnath wake."



Hukumu ilitolewa palepale. Mwalimu Calist angeandika ripoti. Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, ripoti ingesomwa ofisini, na kama chanzo ni Asnath, angesimamishwa masomo siku ishirini na moja, kisha arudi na mzazi mbele ya Bodi. Mzazi mwenyewe ni mama yake, mkulima wa alizeti wa Kinampanda, aliyekwisha kuitwa shuleni mara mbili na kuja mara zote mbili amevaa blauzi yake ya misibani. Mara ya pili alimwambia Asnath, mbele ya geti, kwa Kinyiramba na polepole, kwamba hiyo blauzi hataivaa tena kwa ajili yake akiwa hai.

Kwa hiyo Asnath aliacha utani. Huu ulikuwa msiba, na msiba una taratibu zake.

Jumatano aliomba kwa maandishi afanyiwe uchunguzi wa kisayansi. Barua ilikuwa na kumbukumbu namba, yahusu, na nakala kwa Katibu wa Bodi, ambaye hakutumiwa. Mwalimu Calist, ambaye hakuwahi kukataa sayansi hata ilipokuja imevaa sketi ya shule, alikubali.

"Toka nje," alisema.

Asnath akatoka, akasimama kwenye vumbi. Mwalimu akaanzisha jaribio. Mizunguko ishirini. LIMEPITA.

"Ingia."

Akaingia. Mwalimu akashika kipanya, akabonyeza mara mbili, akaanzisha jaribio. Mzunguko wa tisa: LIMEFELI.

"Yesu wangu," alisema Pendo.

"Toka."

LIMEPITA.

"Ingiza mguu mmoja."

Asnath akaingiza mguu wa kushoto, wa kulia akauacha nje. Mwalimu akabonyeza mara mbili, akaanzisha. Mzunguko wa kumi na tatu: LIMEFELI.

Sasa darasa halikuwa darasa tena. Magreth alikuwa juu ya kiti. Mtu alipiga kelele ajaribu mkono, mwingine akataka aingize kichwa tu kupitia dirishani, na Asnath, ambaye alikuwa anaanza kujiogopa mwenyewe, akaenda kweli dirishani akaingiza kichwa. Mwalimu akamwona, akabonyeza mara mbili, akaanzisha. Mzunguko wa nne.

"Una gundu!" Pendo alipiga yowe, machozi ya kicheko yakimtiririka. "Asnath, mwenzangu, una gundu la mitandao! Ndiyo maana hata simu ya matroni ukipita inakata!"

Hanifa aliandika majina ishirini na nane. Alimaliza wino.

Mwalimu Calist alikaa chini, akaandika sentensi ya kwanza ya ripoti yake. Asnath aliisoma akiwa dirishani, juu chini: *Mwanafunzi huyu huathiri jaribio hata akiwa kichwa peke yake.*

Jioni alimkuta Hanifa kwenye kamba za kuanikia nguo, akianika mitandio yake kwa mpangilio wa ukubwa. Hanifa alikuwa mtoto wa mfanyabiashara wa Singida mjini, na alikuwa amezaliwa mkaguzi. Daftari lake la maabara lilikuwa na tarehe, saa, nani yupo, nani kapiga kelele, mara ngapi, na kwa sababu gani. Aliandika hata matokeo ya jaribio la Mwalimu, kwa kuwa yalitokea ndani ya chumba chake.

"Nipe daftari," alisema Asnath.

"La nini?"

"Nataka nione nilivyo mbaya."

"Utachoka kusoma," alisema Hanifa, lakini akampa.

Asnath akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasoma. Ilikuwa kweli. Kila kipindi jina lake lilipokuwepo, jaribio lilifeli. Kila alipokuwa zahanati au jikoni kwa zamu, lilipita. Alisoma mpaka Alhamisi iliyopita. Akasoma tena. Kisha akaanza kucheka taratibu, akacheka hadi ndoo ikamtoka chini.

"Hanifa. Soma hapa."

Hanifa akasoma maandishi yake kwa sauti. "Alhamisi, saa tano. Wapiga kelele, Pendo mara nne, Magreth mara mbili. Asnath kimya kipindi kizima, hakuinua kichwa, mfano wa kuigwa, apongezwe. Jaribio la Mwalimu limefeli mara tatu." Akafunga daftari. "Sasa cha kuchekesha ni nini? Nilifurahi siku ile. Nikasema jamani, binadamu hubadilika."

"Haikuwa mimi."

"Ilikuwa nani?"

"Mpira wa netiboli."



Alhamisi ni siku ya wali. Mzee Bonifasi, mpishi, akishapakua, hukwangua ukoko wa sufuria la tatu, na anayefika wa kwanza ndiye anayeupata. Asnath alikuwa amelifanyia tatizo hilo utafiti wa muda mrefu. Alichukua sweta lake, akalijaza blanketi, akalikalisha kwenye kiti cha kona, akalilaza juu ya meza mikono imekunjwa, na mahali pa kichwa akaweka mpira wa netiboli wenye rangi ya kahawia, umefunikwa kofia ya sweta hadi masikioni, kama mpira ungekuwa na masikio. Pendo, aliyekaa jirani, alilipwa kipande cha ukoko ili aufokee mara mojamoja.

"Nimempongeza *mpira*?" alisema Hanifa.

"Kwa maandishi."

"Nikasema ni mfano wa kuigwa?"

"Na ulistahili. Haukupiga kelele."

Hanifa akamrushia mtandio uliolowa. Asnath akaudaka, akapiga magoti mbele yake, na sasa hakuwa anacheka tena. Akili yake ilikuwa inakimbia.

"Sikiliza, Hanifa. Mimi nilikuwa jikoni. Mpira haujui kuandika programu. Lakini jaribio limefeli mara tatu, sawasawa na siku nilizokuwepo. Kwa hiyo haliniogopi mimi. Linaogopa kitu kinachotokea mtu *akidhani* nipo."

"Mtu gani?"

Asnath aliona tena mkono wa Mwalimu Calist juu ya kipanya. Nikiwa nje, aliwaza, anaanzisha tu. Nikiingia, anabonyeza mara mbili, ndipo anaanzisha. Mguu mmoja, mara mbili. Kichwa dirishani, mara mbili.

"Mwalimu," alisema. "Kuna kitu anakifungua kila akiniona."

Alhamisi wakati wa mapumziko akamfuata Mwalimu ofisini, akamwamkia kwa heshima zote, akamweleza. Mwalimu Calist alikuwa ameinamisha macho kwa aibu kabla maelezo hayajafika katikati. Ndiyo, tangu tukio la kibodi kulikuwa na programu ya kutazama skrini zote thelathini kwa wakati mmoja kutoka mashine yake. Ilikuwa siri. Mwalimu huifungua Asnath akiwepo. Akiondoka huifunga, kwa sababu ni nzito.

"Basi tuijaribu, Mwalimu. Niwe ndani, wewe usiifungue."

"Nifumbe macho ukiwa ndani? Asnath, mimi ni mpole, si mjinga."

"Basi niwe nje, wewe ifungue."

"Ukiwa nje utakuwa umeacha kitu ndani." Akakuna kichwa, nywele zikazidi kuvurugika. "Nionyeshe siku moja, moja tu, ambayo jaribio limefeli na wewe hukuwa na njia yoyote ya kuligusa. Hapo nitaamini."

Siku hiyo Asnath alikuwa nayo. Ilikuwa imeandikwa, ina tarehe na saa. Ila kuitoa ilikuwa kukiri kwamba alidanganya mahudhurio, alitoroka kipindi, alihonga shahidi, na aliiba ukoko, na kwa kila kimojawapo shule ilikuwa na adhabu yake iliyopigwa chapa na kubandikwa mlangoni. Tena angemburuza na Hanifa, aliyekuwa anagombea ukiranja mkuu mwakani kwa sifa moja tu, kwamba daftari lake halijawahi kusema uongo.

Hakula chakula cha jioni. Pendo ndiye aliyekila.

Ijumaa baada ya chakula cha mchana ofisi ya Madam Yasinta ilikuwa na joto la tanuri. Mwalimu Calist alisoma ripoti yake kwa sauti ya chini. Madam alisikiliza macho yamefumbwa, simu yake mezani, tayari kupiga Kinampanda.

"Una la kusema?" aliuliza.

Asnath alikuwa amekuja na mfuko wa rambo mweusi. Aliutazama. Alimfikiria mama yake akifungua sanduku, akitoa ile blauzi. Kisha akaingiza mkono, akautoa mpira wa netiboli, akauweka juu ya meza katikati ya simu na bendera ndogo ya taifa.

"Huyu ni shahidi wangu, Madam."

"Huyu."

"Ndiyo, Madam. Alhamisi iliyopita, saa tano, huyu ndiye aliyekuwa mimi."

Akaeleza yote, sweta, blanketi, jikoni, ukoko, bila kujipunguzia. Madam Yasinta aliushika mpira, akaugeuza upande huu na upande ule, kama daktari.

"Nani atathibitisha?" aliuliza. "Maana mpira huu nauona ni mkimya."

Mlango ukagongwa. Hanifa aliingia baada ya kuitikiwa, daftari kifuani, macho yamevimba.

"Shikamoo Madam. Shikamoo Mwalimu. Mimi ndiye niliyempongeza." Akalifungua daftari. "Niliandika kwamba ni mfano wa kuigwa. Sikumkagua uso. Daftari limesema uongo siku moja, Madam, na siwezi kuliacha liendelee kusema uongo ili mtu afukuzwe."

Hapo Madam Yasinta alifanya jambo ambalo halikuwahi kuonekana. Alinyanyuka, akageukia ukutani, akatazama ramani ya Tanzania kwa muda mrefu sana, mabega yakitikisika. Aliporudi uso ulikuwa wa Mkuu wa Shule kabisa, isipokuwa jicho moja lililokuwa na maji.

"Twendeni maabara," alisema.

Wakaenda: Mkuu wa Shule mbele na mpira kwapani, nyuma yake mwalimu, mtuhumiwa na monita. Kidato cha Tano kilichokuwa kwenye usafi kiliacha mafagio kikafuata.

"Asnath ndani, programu ifungwe," aliamuru Madam. Mizunguko ishirini. LIMEPITA. Wakaongeza hadi mia. LIMEPITA. Pendo akashangilia, akaambiwa anyamaze.

"Asnath nje, kule kwenye mlingoti wa bendera, mikono juu. Programu ifunguliwe."

Asnath alikimbia hadi mlingotini, akainua mikono juani. Kutoka mbali alisikia maabara nzima ikihesabu kwa pamoja kama watu wa mnada: moja, mbili, tatu, nne, tano, *sita*, kisha yowe lililowatoa kunguru kwenye paa la bweni. LIMEFELI. Yeye peke yake uwanjani, mikono juu, akaruka juu kama aliyefunga goli.

Alirudi akikimbia. Mwalimu Calist alikuwa ameinama kwenye skrini, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona mwanga na kuona aibu kwa pamoja.

"Kumbe ni programu yako mbaya?" aliuliza Madam.

"Hapana, Madam. Programu inaichosha mashine tu. Skrini thelathini si mchezo. Kosa liko kwenye jaribio." Akaonyesha kwa kidole. "Jaribio lina pande mbili. Huyu msikilizaji, anayepaswa kuamka na kufungua mlango. Na huyu mtumaji, anayeleta kifurushi. Mimi nilimwambia mtumaji asubiri sehemu ya kumi ya sekunde, kisha atume. Mashine ikiwa na nafasi, msikilizaji anakuwa ameshaamka. Ikiwa imeelemewa, anakuwa bado. Kifurushi kinafika hakuna mtu, kinapotea, jaribio linalaumu geti."

"Na geti halina kosa?"

"Halina kosa lolote, Madam. Ndiyo maana hata ng'ambo linafeli mara mojamoja. Mashine zao nazo zinabebeshwa kazi nyingi."

Madam Yasinta alilipima jambo hili. Kisha akasema polepole, "Ngoja nielewe. Mtu anafika kwenye nyumba ya watu. Anasema hodi. Anahesabu sehemu ya kumi ya sekunde. Halafu anaingia?"

"Eh... kwa lugha hiyo, ndiyo, Madam."

"Bila kuitikiwa karibu?"

Mwalimu Calist akainamia kibodi.

"Mwalimu Calist! Wewe ni mtoto wa watu! Nimekutana na mama yako mimi, mwanamke mwenye adabu! Mgeni akibisha kwangu nahitaji kutafuta kanga, nahitaji kumtoa kuku sebuleni, na wewe unampa mwenye nyumba sehemu ya kumi ya sekunde? Umeiandika tabia hii, ukaituma Ulaya, kwa jina la Itigi?"

"Niliona inatosha, Madam. Kwangu mashine ilikuwa inaitikia haraka."

"Kwa sababu ulikuwa unaenda wakati nyumba haina wageni! Nenda siku ya arusi uone!"

Kidato cha Tano kilikuwa kimeshikana mabega ili kisianguke. Asnath hakucheka. Alikuwa ameshavuta kiti.

"Mwalimu, tunaweza kumfundisha adabu. Msikilizaji akishafungua mlango, aweke alama. Mtumaji asihesabu muda, atazame alama. Ikiwepo, aingie. Haipo, asubiri."

"Asubiri hadi lini?" aliuliza Hanifa, aliyependa mambo yawe na mpaka.

"Sekunde kumi. Baada ya hapo aseme wenyewe hawapo, aondoke."

"Hiyo ndiyo adabu," alisema Madam Yasinta, akaketi.

Waliandika pamoja, Mwalimu kwenye kibodi, Asnath kwenye bega lake. Mistari minane. Baadaye ikawa tisa, kwa kuwa Hanifa aliona sehemu moja ambapo alama ya mzunguko uliopita ilikuwa haijafutwa, hivyo mgeni mpya angeweza kuingia kwa karibu ya jana. Mwalimu alimtazama Hanifa kwa namna ambayo walimu huwatazama wanafunzi mara chache sana.

Kisha Madam akaamuru jaribio lipewe siku ya arusi. Programu ya kutazama ikafunguliwa. Wasichana wote thelathini wakakaa, kila mmoja akafungua video, picha, kikokotoo, chochote. Mashine ya Mwalimu ikaanza kunguruma kama lori la Shelui likipanda mlima. Na kwa mara ya kwanza katika historia ya shule ile, kelele ziliruhusiwa kwa tamko la Mkuu, na daftari la Hanifa lilibaki limefungwa juu ya magoti yake, jambo lililomtesa waziwazi.

Mizunguko elfu moja. Mia ya kwanza, LIMEPITA. Mia tatu. Mia sita, na sauti zimeshakauka, watu wanahesabu kwa kugonga meza. Mia tisa na tisini na saba, na nane, na tisa. Asnath alikuwa ameshika mkono wa mtu bila kujua ni wa nani. Ulikuwa wa Madam Yasinta, na Madam hakuutoa.

LIMEPITA.

Hakuna aliyesikia kengele ya chakula cha jioni.

Barua pepe iliondoka saa kumi na mbili kasoro robo, mtandao ukiwa bado umo. Jibu la yule mama wa ng'ambo lilifika Jumamosi asubuhi, na Mwalimu Calist, nywele zimechanwa, alilisoma mstarini mbele ya shule nzima. Lilikuwa na maneno machache. Limepokelewa. Chini yake, kama ilivyo desturi ya wale watu, kulikuwa na majina yatakayobaki kwenye kumbukumbu za kiini milele: aliyeandika ni Calist, aliyegundua tatizo ni Asnath, aliyekagua ni Hanifa.

Shule ikapiga makofi. Madam Yasinta akasubiri yaishe, kisha akasoma karatasi yake mwenyewe. Kusimamishwa masomo kumefutwa. Kwa kudanganya mahudhurio, kutoroka kipindi, kumhonga Pendo na kula ukoko usio wake, Asnath atamwagilia miche mia moja na arobaini nyuma ya bwalo, kila asubuhi, kwa majuma sita. Pendo atabeba ndoo. Mpira umerudishwa timu ya netiboli.

Asnath alikubali kwa kuinamisha kichwa. Ndani alikuwa anaimba.

Baada ya mstari aliitwa ofisini. Madam alikuwa ameshapiga simu na kuiweka kwenye spika, na kutoka Kinampanda ilisikika sauti ya kuku, kisha ya mama yake, yenye tahadhari.

"Haloo. Madam? Za huko?"

"Nzuri, Mama Asnath. Nakupigia kuhusu binti yako."

Kuku mmoja akapita.

"Ametulia?" aliuliza mama.

"Ametulia. Sikiliza, Mama Asnath, ni jambo kubwa. Alichokifanya binti yako hapa jana kinakwenda kwenye kompyuta za dunia nzima. Ulaya, Amerika, China, kote."

Mama Asnath akashusha pumzi ndefu.

"Zimeharibika ngapi, Madam?"